Nusura spidomita imfukuzishe katibu wetu



Wengi wenu mnapimiwa kazi kila siku. Mchumaji wa chai hupimiwa majani kwenye mizani, mkata miwa hupimiwa mistari, na aliye kiwandani hupimiwa kwa saa ya langoni. Safari hii tunataka kuwaeleza habari za kipimo kingine, kidogo na cha mviringo, kinachokaa mbele ya mpanda pikipiki. Watu hukitazama kwa haraka tu na kukiamini. Sisi nasi tulikiamini, na kwa kukiamini tulikaribia kumtia doa mtu safi.

Tawi letu liko upande wa Toro, magharibi ya Uganda, kwenye mashamba ya chai. Tunayo pikipiki moja kuukuu, Triumph iliyotengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Ilinunuliwa kwa michango ya wanachama kutoka kwa mzee mmoja aliyeifungia stoo miaka mingi, tena kwa bei ya chini kuliko pikipiki mpya. Vijana wa bodaboda huicheka sana mpaka waisikie inapanda mlima ikiwa na watu wawili na mzigo wa karatasi za mkutano. Hapo hunyamaza.

Kwa kuwa gazeti hili ni la wafanyakazi, tukumbushe pia kwamba pikipiki za Triumph za wakati ule zilitoka kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry. Mwezi wa Septemba 1973 wenye kampuni walitangaza kukifunga kiwanda hicho. Wafanyakazi wakakaa langoni na kuzuia mali isitoke, na mwaka 1975 wakaanza kukiendesha wenyewe kwa ushirika, kwa mkopo wa serikali yao. Walivumilia mpaka mwaka 1983, ndipo kikafilisika. Pikipiki yetu ni ya kabla ya ushirika ule, lakini hatuoni vibaya kudhani kwamba waliokaza nati zake ndio hao hao waliokuja kukaa langoni.

Turudi kwenye shauri letu. Pikipiki hiyo huendeshwa na katibu wa matawi. Mara mbili kwa mwezi hufanya mzunguko wa kutembelea wanachama walio mbali: huondoka ofisini asubuhi, hupita mashamba manne na kiwanda kimoja, na kurudi jioni. Hulipwa posho kwa kilomita. Husoma namba za spidomita anapoondoka, husoma tena anaporudi, na kuziandika kwenye kitabu cha safari. Spidomita ya asili ilikuwa ya maili. Mzunguko mzima ulikuwa maili 70, na mweka hazina aliziza mara 1.6 akapata kilomita 112. Miaka yote ilikuwa hivyo, maili moja juu au moja chini.

Mwaka jana spidomita ile ikaharibika. Kwanza mshale ulianza kuchezacheza kama mkia wa mbuzi, kisha ukapanda juu ukagoma kushuka hata pikipiki iliposimama. Katibu akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akasema hii ya zamani imekufa, vipuri vyake havipatikani. Akaitoa, akafunga nyingine iliyotoka kwenye pikipiki ya Kijapani, ya kilomita. Ilibidi achonge kifungio na kuunganisha kebo upya ili ikubali kuingia. Ikaingia. Mshale ukatembea vizuri, namba zikahesabu. Katibu akalipa akaenda zake, na sisi sote tukaona kwamba jambo limekwisha.

Mwezi wa kwanza, kitabu cha safari kikaonyesha mzunguko wa kilomita 80. Mwezi wa pili 80. Mwezi wa tatu 80 tena.

Mweka hazina wetu ni mtu makini, na hatumlaumu kwa hilo. Chama kisicho na mweka hazina makini ni kapu lililotoboka. Aliweka vitabu viwili mezani. Cha zamani kilisema 112, kipya kilisema 80, na barabara ni ile ile. Kwa hiyo, akasema, miaka yote ile katibu alikuwa akituongezea kilomita 32 kila mzunguko. Kisha akatoa stakabadhi za petroli. Petroli haikupungua hata kidogo: lita zilizokuwa zikitumika kwa kilomita 112 sasa zilikuwa zikiishia kwenye kilomita 80. Kwa hiyo, akasema tena, tangu mbinu ya kilomita ilipokwisha, petroli ndiyo inayouzwa njiani.

Katibu akajitetea kwamba yeye mwenyewe haelewi. Akasema pikipiki imepungua nguvu. Zamani ikinguruma mngurumo fulani kwenye giya ya juu, mshale ulikuwa kwenye maili 50, yaani kilomita 80 kwa saa. Sasa mngurumo ule ule, mshale unaonyesha 57. Alikuwa hata amebadilisha ringi za pistoni kwa fedha ya mfukoni mwake, na hali haikubadilika. Maneno hayo badala ya kumwokoa yalimzamisha. Mjumbe mmoja alisema mwizi huwa na hadithi ndefu.

Tunaandika haya bila kujificha: halmashauri ilikuwa karibu kupiga kura ya kumsimamisha. Wengi wetu tulikwisha kukata shauri moyoni.

Aliyetuzuia ni mama mmoja mchumaji, mjumbe wa shamba la tatu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Alisimama akauliza: “Ndugu mwenyekiti, sisi shambani mizani ikibadilishwa, hatukubali majani yapimwe mpaka mzigo tunaoujua uzito wake utundikwe kwanza. Hii mizani ya pikipiki imebadilishwa. Nani aliitundikia mzigo?”

Hakuna aliyejibu. Mama akaendelea: “Barabara haijafupika. Nimeitembea kwa miguu.”

NAMNA TULIVYOIPIMA

Ili jambo hili lieleweke, tueleze kwanza spidomita inavyofanya kazi. Ndani ya kebo kuna waya mzito uliosokotwa, nao huzungushwa na gurudumu au giaboksi. Katika pikipiki nyingine kebo huanzia gurudumu la mbele, nyingine la nyuma, nyingine kwenye giaboksi. Upande wa juu waya huo huingia ndani ya spidomita na kuzungusha sumaku. Karibu na sumaku, bila kuigusa, kuna kikombe chepesi cha aluminiamu kilichoshikamana na mshale. Sumaku inapozunguka hujaribu kukiburuta kile kikombe kwenda nayo, na springi nyembamba kama ya saa hukivuta kirudi. Kadiri sumaku inavyokwenda mbio ndivyo inavyoishinda springi, na mshale hupanda. Njia hii ilipewa hataza Ujerumani mwaka 1902, kwa jina la Otto Schulze, na imedumu katika mamilioni ya vyombo. Namba za kuhesabu mwendo hazihusiani na sumaku. Hizo husukumwa na vigiya vidogo moja kwa moja kutoka kwenye waya.

Basi, ona jambo lenyewe. Spidomita haijui barabara. Haijui gurudumu. Inajua kitu kimoja tu: waya umezunguka mara ngapi. Aliyeitengeneza aliamua kwamba mizunguko kadhaa ihesabiwe kuwa maili moja au kilomita moja, na kila mtengenezaji aliamua kufuatana na pikipiki yake. Kwenye uso wa spidomita yetu ya zamani, ya Smiths, chini ya mshale imeandikwa kwa tarakimu ndogo 1600. Maana yake ni mizunguko 1600 kwa maili. Maili ni mita 1609, kwa hiyo ni karibu mzunguko mmoja kwa kila mita. Spidomita nyingi za pikipiki za Kijapani zimetengenezwa kwa mizunguko 1400 kwa kilomita, yaani mzunguko mmoja na sehemu nne za kumi kwa kila mita.

Hayo hatukuyajua siku ile. Tuliyajua kwa kupima, na mtu yeyote mwenye futi kamba na chaki anaweza kupima kama sisi.

Tulikwenda kwenye uwanja wa kiwanda, mahali palipo sawa. Tukapima mita 50, tukachora mstari mwanzo na mwisho. Tukafungua kebo upande wa spidomita tu, tukaacha upande wa chini ukiwa umefungwa, na kwenye ncha ya waya wa ndani tukabandika kipande cha karatasi kama bendera. Tukaitia pikipiki hewa ya kawaida kwenye matairi, mtu mmoja akaketi juu yake kama katika safari, wawili wakasukuma polepole, na mmoja akahesabu bendera kwa sauti. Tukafanya mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa karibu 50, pungufu kidogo.

Kisha tukaipima ile spidomita mpya yenyewe. Tukaizungusha kwa mkono kwa kipande cha waya, tukihesabu, huku tukiangalia gurudumu la mwisho la namba. Ni kazi ya kuchosha, na vijana wa karakana walipokezana. Mizunguko 1400 ndipo ikasogea kilomita moja. Kwa mita 50, basi, spidomita ile ilitaka mizunguko 70, nayo ilikuwa ikipewa 50.

Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyeandika hesabu ukutani kwa chaki. Kilomita 112 mara 50, gawanya kwa 70. Jibu: 80.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Na petroli?” Petroli nayo ilikuwa sahihi, kwa sababu injini hunywa kwa barabara, hainywi kwa namba za kwenye kioo. Kijana mmoja wa kiwandani alisema simu yake inaweza kupima safari kwa setilaiti. Mzunguko uliofuata alikwenda pamoja na katibu, simu mfukoni. Ilileta kilomita 112 na mita kadhaa.

Liko jambo jingine ambalo lilitutisha zaidi kuliko posho. Tulipogeuza hesabu ile ile upande wa mwendo, tukaona kwamba mshale unapoonyesha 50, pikipiki inakwenda 70. Unapoonyesha 57, inakwenda 80. Miezi yote ile katibu alikuwa akiteremka milima ya udongo mwekundu, mara nyingi mvua imenyesha, mara nyingi akiwa na mjumbe nyuma, akiamini anakwenda polepole. Breki za pikipiki hiyo ni za ngoma, za miaka ile ya 1960. Na ringi zake za zamani za pistoni tulizikagua: hazikuwa na neno.

SPIDOMITA IKIHARIBIKA

Wanachama wengi wana pikipiki za zamani, za Kiingereza na hizi Honda, Suzuki na Yamaha zilizokwisha kuzunguka nchi, kwa hiyo tuseme machache kuhusu kutengeneza kabla ya kubadilisha. Mara nyingi spidomita yenyewe haina kosa.

Ikiwa mshale na namba vyote vimekufa kwa pamoja, anza na kebo. Ifungue juu, inua gurudumu inakoanzia, au kama inatoka giaboksini inua la nyuma, kisha lizungushe kwa mkono. Waya ukizunguka, kosa liko juu. Usipozunguka, uchomoe uutazame. Kama umekatika utatoka kipande. Kama ni mzima, kosa liko chini kwenye giya. Kwa pikipiki ambazo kebo huanzia gurudumu la mbele, muulize kwanza aliyeziba pancha mara ya mwisho. Lile kasha la giya pembeni mwa gurudumu lina masikio mawili yanayopaswa kuingia kwenye nafasi zake ndani ya habu. Fundi akirudisha gurudumu kwa haraka, masikio hayaingii. Anakaza ekseli, nayo yanapindika au kuvunjika. Tumeona watu wakinunua spidomita nzima kwa ajili ya masikio hayo.

Namba zikihesabu na mshale umelala, sumaku au kikombe kina matatizo. Mshale ukifanya kazi na namba zimesimama, ni vile vigiya vidogo. Yote mawili ni ya ndani. Mshale ukichezacheza, mara nyingi kebo ni kavu, ina uchafu, au imepindwa kwa kona kali mahali fulani. Ipitishe njia yenye mikunjo mipana. Lakini kama spidomita yako ni ile ya Smiths ya zamani zaidi, aina ya Chronometric, iliyotumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, mshale wake hupanda kwa kurukaruka, hatua kwa hatua. Huo si ugonjwa. Ndani yake haina sumaku. Ni saa kamili yenye magurudumu na meno. Usimpe mtu wa nyundo.

Sasa grisi, maana hapo ndipo yetu ilipofia. Waya wa ndani hupakwa grisi kidogo, nyepesi, na sehemu ya juu, kama urefu wa kiganja na vidole vyake, huachwa kavu kabisa. Mtu akipaka mpaka juu, au akimimina oili ndani ya kebo, waya unavyozunguka huipandisha taratibu mpaka ndani ya spidomita. Oili ikiingia kati ya sumaku na kikombe huvishikamanisha, na mshale unapanda na kugoma kushuka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ile ya zamani haikufa. Ilikuwa imezama.

Katibu alikuwa ameihifadhi kwenye sanduku nyumbani, na tunamshukuru kwa hilo. Tukaipeleka, safari hii, kwa fundi wa saa, mzee mwenye kijimeza chake karibu na soko. Aliinua ule ukingo wa bati unaoshika kioo, kidogo kidogo, akizunguka pande zote kwa bisibisi ndogo, maana ukiinuliwa upande mmoja hupasuka. Akaosha oili, akakausha, akarudisha ukingo mahali pake. Akakataa kuigusa ile springi nyembamba. Alisema springi ile ikivutwa kidogo tu, mshale utasema uongo maisha yake yote. Siku mbili baadaye tukaifunga na kebo mpya, tukaipitisha tena kwenye mita 50.

Mahali pengine ya zamani haitafufuka, na mtu atalazimika kununua iliyotumika. Basi kabla ya kutoa fedha soma tarakimu ndogo kwenye uso wake: 1600, 1250, 1000, au nyingine. Hesabu mizunguko ya kebo yako kwa mita 50 kama tulivyoeleza, uangalie kama vinakubaliana. Na uulize ni maili au kilomita, maana tarakimu 1000 kwa maili na 1000 kwa kilomita ni vitu viwili. Tena, siku ya kubadilisha, andika kwenye kitabu cha safari namba iliyoishia ya zamani na namba iliyoanzia ya badala yake, na mashahidi wawili watie sahihi. Pikipiki yetu ilikaa na spidomita ya Kijapani miezi sita, na hakuna mahali palipoandikwa siku ilipofungwa. Tulizipata tarehe kwa stakabadhi ya fundi tu, nayo ilikuwa imelowa mvua.

Mweka hazina alisimama mbele ya halmashauri ile ile akafuta maneno yake, na yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba yamefutwa. Katibu alimpa mkono. Mizunguko 12 yenye upungufu wa kilomita 32 kila mmoja ni kilomita 384, na posho yake ililipwa mwisho wa mwezi. Fedha ya ringi za pistoni bado hajarudishiwa. Wengine wanasema hakuomba ruhusa kabla ya kuzinunua, na shauri hilo limewekwa katika ajenda ya mkutano ujao.